Orodha Kabla ya Kura: Sampuli na Upendeleo katika Historia ya Kuhesabu Watu na Lugha, Kwale na Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha anapoandika kwamba sehemu fulani ya wakazi wa Kwale hutumia Kiswahili nyumbani, au kwamba wasemaji wa Chichifundi wamebaki wachache, msomaji ana haki ya kumwuliza maswali mawili. La kwanza: watu waliohojiwa waliteuliwaje? La pili: waliteuliwa kutoka katika orodha gani? Swali la kwanza limezoeleka, na majibu yake yamo katika kila kitabu cha takwimu. Swali la pili huulizwa kwa nadra, ingawa ndilo zito zaidi. Makala hii inakusudia kufuata historia ya kuhesabu watu na kukusanya lugha katika pwani iliyo kati ya Likoni na Vanga, na kuonyesha kwamba makosa makubwa ya uchunguzi huko yaliingia mapema, kabla ya kura yoyote kupigwa. Yaliingia wakati orodha ilipotungwa. Na kila orodha ilitungwa na mtu, kwa shabaha yake, na katika wakati wake.

2. Sampuli nasibu na maana ya upendeleo

Sampuli ni sehemu ya watu wanaochunguzwa ili jumla ya watu wote ifahamike. Huitwa sampuli nasibu pale kila mmoja katika jumla hiyo anapokuwa na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, na uteuzi wenyewe unapoachiwa bahati: vikaratasi vilivyochanganywa ndani ya chombo, jedwali la namba za nasibu, au siku hizi kompyuta. Kuachia bahati si uzembe. Ni kinga dhidi ya hiari ya mteuzi, ambaye bila ya kukusudia huelekea penye njia nzuri, penye mwenyeji mkarimu na penye lugha anayoifahamu.

Upendeleo kwa maana ya kitakwimu ni kosa linaloelemea upande mmoja daima. Hapana budi kulitenga na kosa la bahati, ambalo hupungua kadiri sampuli inavyoongezwa. Kosa la upendeleo halipungui kwa wingi wa watu. Mtafiti akiwaongeza watu elfu kumi wa upande uleule, atakuwa amelikariri kosa lake mara elfu kumi.

Elimu hii haina umri mkubwa. Mwaka 1895, katika mkutano wa wanatakwimu uliofanyika Bern, Mnorwe Anders Kiær alitetea wazo kwamba sehemu iliyoteuliwa vyema inaweza kuwakilisha taifa zima, na wengi wakampinga. Mwaka 1912 Arthur Bowley alichunguza hali ya wafanyakazi wa mji wa Reading, Uingereza, kwa kuteua nyumba chache kwa utaratibu kutoka katika orodha ya nyumba za mji huo. Mwaka 1934 Jerzy Neyman alieleza kwa hoja za kihisabati kwa nini uteuzi wa nasibu unaaminika kuliko uteuzi wa hiari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 na kupata majibu zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Isitoshe, waliojirudishia karatasi zao walikuwa wale waliotaka kusikika. Wingi wa majibu haukuweza kuifidia orodha iliyopinda.

3. Rabai kwa niaba ya wote

Katika pwani ya Kenya, upendeleo wa namna hiyo ulitangulia takwimu zenyewe. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaweka makazi yao Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, mojawapo ikiwa aliyoiita Kinika. Jina hilo lilitokana na nyika, yaani pori, nalo lilitumiwa na watu wa mijini kuwataja majirani wao wa bara. Jina Mijikenda, ambalo wenyewe wamelipokea, lilienea katika miaka ya 1940, na hujumlisha makundi tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma.

Ni dhahiri kwamba maneno ya Kinika yalitoka kwa sehemu kubwa midomoni mwa watu walioishi karibu na misheni. Hayo si makosa ya kulaumiwa. Mkusanyaji wa kwanza huanza palipo na mlango uliofunguliwa. Kosa huja baadaye, pale msomaji wa kamusi anaposahau kwamba kijiji kimoja kimesimama kwa niaba ya makundi tisa. Chidigo, lugha ya kusini kabisa miongoni mwa hizo, inayosemwa kutoka jirani na Mombasa hadi upande wa Tanga, kina tofauti zake za ndani na mchangamano wa muda mrefu na Kiswahili. Mdigo wa Msambweni hakuwa na nafasi yoyote ya kuingia katika sampuli ya Rabai. Kwa lugha ya takwimu, nafasi yake ya kuteuliwa ilikuwa sifuri. Na mwenye nafasi ya sifuri hawezi kurejeshwa kwa hesabu yoyote itakayofanywa baadaye.

Hali hiyohiyo ilionekana katika Kiswahili chenyewe. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 iliegemea Kimvita, na kitabu cha mafunzo cha Edward Steere cha mwaka 1870 kiliegemea Kiunguja. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uamuzi ulifanywa kati ya lahaja zilizokwisha kuandikwa vitabu. Kivumba cha Wasini na Vanga, na Chichifundi cha upande wa Shimoni na Funzi, hazikuwa katika shindano. Maelezo ya H. E. Lambert juu ya lahaja hizo mbili yalitokea mwaka 1957 na 1958, wakati usanifishaji ulikwisha kukamilika.

4. Vibanda, kodi na sensa ya 1948

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na orodha yake. Kodi ya kibanda ilianzishwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi idadi ya watu wa wilaya ilikadiriwa kwa kuvihesabu vibanda na kuvizidisha kwa wastani uliodhaniwa wa watu katika kila kimoja. Orodha iliyotungwa kwa ajili ya kutoza watu ina upendeleo ndani yake, kwa sababu mwenye kuhesabiwa ana sababu njema ya kutohesabiwa. Watu waliweza kusongamana katika kibanda kimoja ili kupunguza kodi, na mchukua hesabu hakuwa na haja ya kujua ndani wamelala wangapi. Hapo makosa yote yalielekea upande mmoja, upande wa upungufu.

Sensa ya Agosti 1948 iliyofanywa katika Afrika ya Mashariki ilikuwa ya kwanza kuwahesabu Waafrika mmoja mmoja katika eneo zima. Kenya ilionekana kuwa na watu zaidi ya milioni 5.4, wengi kuliko makadirio ya awali. La muhimu zaidi kwa makala hii ni kwamba hesabu ya jumla ilifuatwa na sensa ya sampuli, iliyochukua takriban asilimia 10 ya watu na kuwauliza maswali marefu zaidi. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa wilaya ambayo wakati wa ukoloni iliwahi kuitwa Digo alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuulizwa habari zake, awe ni mlipa kodi au sivyo.

Hata hivyo sensa nayo ina upendeleo wa siku. Tangu mwaka 1969 sensa za Kenya zimefanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, yaani katika msimu wa kusi. Pwani ya kusini ina wavuvi wanaohama kwa misimu na kupiga dago mbali na kwao, wakifuata samaki na upepo. Usiku mmoja wa kusi hueleza vyema nani yuko wapi usiku huo. Hauwezi kueleza nani husema lugha gani huko Shimoni katika miezi ya kaskazi.

5. Ramisi, Makonde na Wapemba

Baada ya uhuru, uchunguzi wa sampuli ukawa chombo cha kawaida cha mipango. Uchunguzi wa mashambani wa mwaka 1974 na 1975 uliwalenga wakulima wadogo. Uchunguzi wa kitaifa wa uzazi na afya wa mwaka 1989, 1993 na 1998 uliacha nje Mkoa wa Kaskazini Mashariki na baadhi ya wilaya nyingine za kaskazini. Ni mwaka 2003 ulipoienea nchi nzima. Katika hali zote hizo wapangaji walieleza wazi walichokiacha. Anayekosea ni msomaji anayeinukuu asilimia na kuiita ya Kenya yote.

Kwale ilikuwa na watu wake wa kuachwa. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde wenye asili ya Msumbiji waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, pamoja na yale ya Ramisi. Uchunguzi unaochota wakulima wadogo haumfikii mtu anayeishi katika makazi ya wafanyakazi wa shamba la kampuni. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa katika miaka ya 1980, watu hao walibaki, na watoto wao walikuwa wamezaliwa hapo. Lakini wengi wao hawakuwa na kitambulisho, kwani hawakutambuliwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho haandikishwi katika daftari la wapiga kura. Na sampuli yoyote inayochotwa katika daftari hilo, hata ikichotwa kwa unasibu usio na dosari, haiwezi kumpata.

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, wakakubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Katika majedwali ya sensa ya 2019 wanaonekana kwa jina lao. Wapemba wa pwani ya Kenya, wengi wao wakiwa wavuvi, walitambuliwa mwaka 2023. Makundi haya mawili yalikuwako Kwale kwa miongo mingi, yakisema lugha zao na Kiswahili chao, yakioana na majirani na kuwasomesha watoto. Mtafiti wa lahaja aliyetegemea orodha rasmi kabla ya miaka hiyo hakuwa na njia ya kugundua kwamba kuna Kipemba na Kimakonde katika eneo lake. Kutokuwepo kwao katika matokeo kulithibitisha kutokuwepo kwao katika orodha, basi.

6. Chupa katikati ya kijiji

Baada ya orodha ya maeneo kuna orodha ya nyumba, na mara nyingi hii ya pili haipo kabisa. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieneza mbinu rahisi ya kupima chanjo: vishada 30, na katika kila kishada watoto 7, jumla 210. Mchunguzi alisimama katikati ya kijiji, akazungusha chupa au kalamu chini, akafuata upande ulioelekezwa. Alizihesabu nyumba zilizo katika mstari huo hadi ukingoni, akateua moja kwa nasibu, kisha akaendelea kwa nyumba iliyo jirani hadi watoto saba wapatikane.

Mbinu hiyo ni ya haraka na imewafaa wengi. Lakini chupa haizitendei haki nyumba zote. Mistari yote hutokea mahali pamoja, ikabanana katikati na kutawanyika kadiri inavyokwenda mbali. Nyumba iliyo karibu na katikati hukutana na mistari mingi. Ile ya pembeni hukutana na michache. Sasa katikati ya kijiji cha Diani au cha Msambweni ni wapi? Ni penye msikiti, maduka, barabara na shule. Wanaokaa karibu na hapo ndio walio karibu pia na zahanati, na ndio wanaosikia na kutumia Kiswahili zaidi kila siku. Nyumba zilizotawanyika katika minazi na mikorosho, ambako Chidigo husemwa bila ya kuchanganywa sana, ndizo zenye nafasi ndogo. Mtafiti wa lugha anayeiazima mbinu hiyo bila ya kuirekebisha atapata Kiswahili kingi kuliko kilichopo, na atadhani amekipima.

Shule nayo ni mtego wa aina hiyohiyo. Eneo la Msambweni limechunguzwa kwa muda mrefu kuhusu kichocho, tangu miaka ya 1980. Wachunguzi wa maradhi wanajua kwamba kuwapima wanafunzi darasani ni nafuu kuliko kwenda nyumba kwa nyumba, na kwamba nafuu hiyo ina gharama: mtoto asiyekwenda shule hapimwi, ingawa huenda ndiye anayeshinda mtoni. Katika uchunguzi wa lugha gharama ni kubwa zaidi, kwa sababu shule si mahali pa kukusanyia watoto tu. Shule hubadilisha kitu chenyewe kinachopimwa, yaani usemi wao.

Diani ina tatizo la namna nyingine. Tangu hoteli za ufuo zilipoongezeka, Ukunda imejaa vyumba vya kupanga vya wafanyakazi waliotoka bara. Mchunguzi anayepita mchana huwakosa walio kazini, na anayepita usiku huwakosa wa zamu ya usiku. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wengi wa wageni hao kwa muda. Orodha iliyotungwa kabla ya mwezi huo, na iliyotungwa mara baada yake, zilieleza miji miwili tofauti yenye jina moja.

7. Neno lenye kuuliza

Upendeleo huweza kuwamo hata katika neno moja la hojaji, na hapo mtaalamu wa lugha ana la kuwaambia wanatakwimu. Katika Kiswahili cha takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika Kwale, kaya ni kitu kingine: ni makazi ya mababu yaliyozungushiwa msitu, mahali pa matambiko, kama Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, mojawapo ya misitu iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee wa Kidigo akiulizwa nani mkuu wa kaya hii, neno humpeleka msituni kabla ya kumpeleka jikoni.

Mhoji mwerevu ataliacha neno hilo na kusema nyumba. Hapo hutokea kosa jingine. Katika Ukunda nyumba moja yenye vyumba sita vya kupanga inaweza kuwa na vyungu sita. Katika mudzi wa Kidigo nyumba tatu au nne zinaweza kuwa na chungu kimoja, au mwanamume mmoja akawa na wake katika midzi miwili na akaandikwa kotekote, ama asiandikwe popote. Neno lilelile hupunguza hesabu mjini na kuizidisha mashambani. Kadhalika swali la mkuu wa nyumba hudhania kwamba mkuu ni baba. Kwa Wadigo, ambao zamani walifuata ukoo na urithi wa upande wa mama, mwenye kauli katika jambo fulani huenda akawa mjomba anayelala kwingine. Kura ikishapigwa kwa haki, neno moja la kuuliza linaweza kuipinda tena.

8. Hesabu ya makabila na hesabu ya lugha

Kati ya mwaka 1967 na 1971 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa matumizi na mafunzo ya lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley, kilitokea mwaka 1974, miaka miwili baada ya mhariri huyo kufariki. Sehemu ya kazi hiyo ilitegemea kuwauliza watu wanatumia lugha gani na nani. Njia hii hupima pia heshima ya lugha. Mtu huweza kutaja lugha anayotaka aonekane akiitumia mbele ya mgeni mwenye karatasi. Wakusanyaji wa lahaja kwa upande wao, hapa kama kwingineko duniani, wamezoea kuwatafuta wazee wa kiume wasiosafiri. Wanawake na vijana huachwa nje ya jumla kabla ya uteuzi kuanza.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika idadi za wasemaji zinazonukuliwa kila mara. Majedwali ya sensa za Kenya hutoa hesabu ya makabila. Hesabu ya lugha zinazosemwa nyumbani haimo. Idadi ya wasemaji hukisiwa kutokana na kabila, kana kwamba kila Mdigo husema Chidigo na kila asiye Mdigo hakisemi. Tena majina ya makabila yenyewe hayatulii. Sensa ya 2009 ilionyesha Waswahili 110,614, na ya 2019 ikaonyesha 56,074. Haiyumkini kwamba nusu ya watu hao walitoweka katika miaka kumi yasiyo na tauni wala vita. Makundi kama Wabajuni, Wavumba na Wachifundi yanaweza kuandikwa chini ya jina moja, au kila moja peke yake, na mtu yuleyule huweza kujitaja kwa jina hili leo na lile kesho. Katika muda wa nusu karne Kwale yenyewe imeongezeka kutoka watu 205,602 mwaka 1969 hadi 866,820 mwaka 2019. Anayezitumia namba za namna hiyo kutabiri kifo cha lahaja, au kudai kipindi cha redio na vitabu vya darasa la kwanza, amejenga juu ya mchanga, hata kama dai lake ni la haki.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba Rabai ilisimama mahali pa Digo, kibanda mahali pa watu, mkulima mdogo mahali pa kibarua wa miwa, kitambulisho mahali pa mkazi, na kabila mahali pa lugha. Katika kila hali ilitumika orodha iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa imetungwa kwa kazi nyingine. Sampuli nasibu ni chombo bora, na hakuna chombo kingine kinachomzuia mtafiti kuchagua watu wanaompendeza. Hata hivyo kura humpa nafasi yule tu ambaye jina lake limo ndani ya chombo.

Kwa hiyo inafaa kila uchunguzi wa lugha katika pwani hiyo utanguliwe na mambo matatu yaliyoandikwa bayana: orodha iliyotumika na aliyeitunga na sababu yake, watu ambao orodha hiyo haingeweza kuwafikia, na maneno yenyewe yaliyotumika kuuliza, katika Chidigo, Chiduruma au Kiswahili, kama yalivyotamkwa mbele ya msailiwa. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji siku chache za kutembea na wazee wa mitaa kabla ya kura, kuulizia ni nani anayekaa nyuma ya mikorosho, nani yuko dagoni, na nani huitwa mgeni ingawa babu yake amezikwa hapo.